Fomu Iliyowasha Jiko

Ilijulikana Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, wiki ya pili ya muhula wa kwanza, nikiwa kidato cha pili. Najua kwa sababu niliandika. Mwalimu wa Kiswahili aliniita nisome aya ya tatu kwa sauti. Nikasimama, nikafungua mdomo, ikatoka sauti ya mzee aliyevuta sigara miaka hamsini. Darasa lote likacheka. Mwalimu mwenyewe alijificha nyuma ya kitabu. Kufikia saa ya chakula nilikuwa nimepewa jina jipya.

"Niaje, Dizeli! Umejaza tangi?"

Mimi si mtu wa maneno. Hata kabla ya hapo siku nzima ingeweza kupita shuleni sijasema zaidi ya "niko" wakati wa kuitwa majina. Ndiyo maana hakuna anayejua sauti yangu ilianza kupotea lini, hata mimi mwenyewe. Kama wewe pia ni wa kunyamaza, na unasoma hii kwa sababu koo lako limekwaruza mwezi mzima bila homa, usifanye kama mimi. Soma kitu kwa sauti kila asubuhi, hata kama ni maandishi ya pakiti ya unga. Jisikilize.

Nimeandika hii kwa ajili yako. Lakini nisikudanganye, nimeiandika pia kwa ajili ya Tata. Nataka siku moja aisome, na aisome polepole.

Tata ni dada mkubwa wa baba. Ana kibanda cha mboga hapa Mugutha, si mbali na kwetu, na tangu nizaliwe ananiita "mami", kwa sababu nina jina la mama yao. Kwetu ndivyo ilivyo: msichana wa kwanza anachukua jina la mama ya baba, wa pili jina la mama ya mama. Kwa hivyo mimi ni Nyambura, na baba akifurahi huniita mama yake. Dada yangu mdogo ni Wanjiru, tunamwita Ciru. Guka, babu yetu wa Thika, yeye huniita "mke wangu" na kuniuliza kama nimempikia. Cucu Nyambura mwenyewe, nyanya yetu, sikumwona. Alikufa mama yangu akiwa ndio ameolewa tu. Tuliambiwa aliuawa na tumbo.

Mwanzoni kila mtu alikuwa na dawa yake. Tangawizi, ndimu na asali, tembe za kumung'unya, chupa ya kuvuta ya pumu kutoka klinika moja hapa Ruiru. Nilivuta hiyo chupa mpaka mikono ikatetemeka na sauti haikurudi. Mvua ndefu ilipoanza nilikuwa nalala nimeketi. Ciru, ambaye tunalala kitanda kimoja, alimwambia mama kwamba nikishikwa na usingizi napiga filimbi. Nilikonda mpaka sketi ya shule nikaifunga na pini. Na kila nikivuta hewa, ile sehemu laini ya shingo, juu ya mfupa, ilikuwa inaingia ndani, kama kuna mtu anayeninyonya kutoka upande ule mwingine. Nilianza kuvaa skafu. Shuleni wakasema ninaficha alama za mvulana.

Daktari wa Thika alinisikiliza kifua, akanisikiliza shingo, akaacha kuandika. Alisema hiyo si pumu, akatutuma hospitali kubwa Nairobi.

Pale tulikaa kwenye benchi tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Karibu nasi aliketi mama mmoja kutoka mashariki ya Thika, na msichana wake wa miaka minne aliyekuwa na kibomba kidogo shingoni, kimefungwa kwa utepe mweupe. Yule mtoto alinitazama sana. Halafu akaziba kibomba kwa kidole ili aweze kuongea, akaniuliza, "Wewe bomba lako liko wapi?"

Mama yake akacheka kwa aibu. "Msamehe. Anafikiria kila mtu huku ana moja." Akamwambia mama yangu kwamba wake alianza kukwaruza akiwa na mwaka mmoja na nusu, na wao pia walidhani ni baridi. Nataka umkumbuke huyo mtoto. Nitamhitaji baadaye.

Daktari aliniingiza kamera nyembamba puani mpaka kooni. Machozi yalitoka yenyewe. Kwenye skrini niliona nyuzi zangu za sauti zimefunikwa na vinyama vyeupe vyeupe, kama koliflawa.

"Hii si saratani," daktari alimwambia mama. "Ni vinyama vinavyoletwa na virusi, HPV. Lakini vinaziba njia ya hewa. Tutavitoa, na pengine vitarudi, na tutavitoa tena."

"Amevipata wapi?" mama akauliza.

"Mara nyingi mtoto hupata akizaliwa. Mama anaweza kuwa na hivyo virusi na asijue. Watu wengi sana wamewahi kuwa navyo, na vikaondoka vyenyewe."

Mama aliangalia mkoba wake. Alifungua zipu, akafunga, akafungua.

Niliuliza kwa ile sauti yangu ya Dizeli kama chanjo ingenizuia. Daktari alijibu bila kuzunguka kwamba mimi ningehitaji mama awe amechanjwa tangu akiwa msichana, na wakati huo chanjo haikuwepo. Kisha akamgeukia mama. "Una binti mwingine?"

"Ndio. Ana miaka tisa."

"Akifika kumi, achanjwe. Itamkinga na hii, na itamkinga na wale ndugu zake wanaoleta saratani ya mlango wa kizazi. Usingoje."

Mama akaniambia, "Andika." Nikaandika: Ciru, akifika kumi. Nikapiga mstari chini yake mara tatu. Hayo mengine yote yaliyonipata, ukiniuliza, yalikuwa yanazunguka huo mstari.

Operesheni ya kwanza ilikuwa katika baridi ya Julai. Nilipoamka koo lilikuwa kama nimemeza wembe, na muuguzi alikuwa ameshika kidole mdomoni. Wiki mbili bila kuongea, hata kunong'ona. Mama mmoja wa kufagia wodi alijua nimekatazwa kuongea. Kila asubuhi aligonga mguu wa kitanda changu mara mbili kwa mpini wa ufagio wake, na mimi nikagonga mara mbili kwa kijiko. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu. Sijui hata jina lake, lakini katika watu wote wa mwaka ule, yeye peke yake hakuniuliza kitu.

Nilirudi nyumbani na daftari la kuandikia mahitaji yangu: maji, uji upoe kwanza, fungeni dirisha. Na hapo ndipo niligundua jambo moja. Ukinyamazishwa, watu husahau kwamba una masikio.

Tata alikuja kuniona Jumapili ile. Aliketi sebuleni, mguu wangu ukiwa karibu kugusa wake, akamwambia mama, "Hiyo ni ya wavulana. Mtoto hawezi kupata kitu kama hicho kooni kwa kusoma Biblia."

"Daktari alisema ni kuzaliwa," mama akasema.

Tata akanywa chai kwanza. "Basi kama si yeye, ni wewe."

Baba alikuwa mlangoni. Baba si mtu wa kupiga wala kutukana. Lakini kuanzia siku hiyo aliacha kumwita mama "Mama Nyambura", kama alivyomwita maisha yangu yote. Akaanza kusema "wewe". Wewe, chai iko? Wewe, kesho ni hospitali? Na hospitali aliacha kutusindikiza.

Sijawahi hata kushikwa mkono na mvulana. Naandika hii mara moja na sitarudia.

Jumatano Tata alienda ushirika wa wamama kanisani. Alisema tuombewe, akaeleza ni kwa nini. Kufikia Ijumaa msichana mmoja wa darasa letu, ambaye mama yake huhudhuria hapo, alinisogezea dawati lake mbali akasema, "Pole, Dizeli, lakini mimi nakunywa maji kwa hiki kikombe." Wenzake wakacheka. Nilienda chooni nikajaribu kupiga kelele. Ilitoka hewa tu.

Mwaka niliuhesabu kwa operesheni. Ya pili, mijakaranda ikimwaga maua. Ya tatu, mashamba ya kahawa ya Ruiru yakiwa yamechanua meupe baada ya mvua. Kati ya hizo sauti ilirudi kidogo, ikaenda tena. Nikaamka asubuhi nyingine nimekohoa doa la damu kwenye mkono wa sweta, nikalifua kabla mama aone. Nilikuwa naogopa kibomba. Kila nikilala nilijishika shingo kuona kama bado ni nzima. Ya nne ilikuwa mwezi wa tano, nikiwa kidato cha tatu. Na mwezi huohuo, Ciru alifika kumi.

Fomu ilitoka shuleni kwao siku ya Alhamisi. Wauguzi wangekuja Jumatatu, na mzazi atie sahihi. Mama aliiweka mezani, akaikalisha chini ya kopo la sukari, akasema, "Baba yenu akija." Angeweza kutia sahihi yeye mwenyewe, najua. Lakini wakati huo mama alikuwa anaogopa kufanya chochote ambacho kingeitwa chake.

Jumamosi Tata alipita. Nilikuwa katika wiki ya pili ya kunyamazishwa. Alisoma fomu, midomo ikitembea.

"Kamau," akamwambia baba, "hii ndiyo ile sindano inafunga tumbo la wasichana. Wewe una binti wawili, huna kijana. Wakifungwa hawa, jina lako litaitwa na nani?"

Nieleze hapa. Kwetu mvulana wa pili wa binti hupewa jina la baba ya huyo binti. Baba hana mtoto wa kiume, kwa hivyo mimi na Ciru ndio njia pekee ya jina lake kurudi duniani. Hiyo ndiyo sindano ambayo Tata alimchoma nayo, na alijua pa kuchoma. Baba alisugua uso.

"Si walisema ni salama?" akauliza, lakini alikuwa anauliza sakafu.

"Walisema nani? Wamekuzalia?" Tata akainuka, akaenda kwa jiko la makaa lililokuwa karibu na mlango. Akaikunja fomu ya Ciru mara mbili, akaichomeka chini ya makaa, akawasha kiberiti.

Sikuwa na sauti. Nilichukua kijiko nikagonga sufuria, nikagonga, nikagonga, mpaka Ciru akaziba masikio.

"Mami ana njaa," Tata akasema. "Ngoja, chai inakuja."

Baba aliangalia karatasi ikiungua. Hakuinuka. Tulikunywa hiyo chai. Nikaandika: Jumamosi, saa kumi na dakika ishirini, Tata amewasha jiko kwa fomu ya Ciru.

Jumatatu wauguzi walikuja shuleni. Wenzake walipiga foleni, Ciru akabaki darasani na wengine watatu, wakachora.

Siku hiyohiyo nilimkuta mama akiosha vyombo vilivyokuwa tayari vimeoshwa. Nilimwandikia swali ambalo daktari aliuliza kila tukienda na yeye hujibu hapana: kuna mtu kwenu amewahi kuwa na saratani? Alisoma, akakausha mikono kwa muda mrefu.

"Cucu yako," akasema. "Haikuwa tumbo. Ilikuwa mlango wa kizazi. Mimi na Tata yako ndio tulikuwa tunafua mashuka. Harufu ile, Nyambura... tulikuwa tunafua kabla majirani waamke. Watu walikuwa wameanza kusema ni ugonjwa wa wanawake wa nje. Tukaambiwa tuseme tumbo." Akanishika kidevu. "Usiwahi kusema."

Nilitikisa kichwa kama aliyekubali. Kichwa changu kilikuwa tayari Thika, kwa Guka, ambako familia yote hukutana likizo ya Agosti.

Miezi miwili nilijitayarisha. Daktari aliangalia koo akasema halina kitu, na kama likikaa hivyo, tutaanza kuonana mara chache. Sauti ilirudi, si ile ya zamani, ni nyembamba na ina mchanga ndani, lakini ni yangu. Kila asubuhi nilisoma daftari langu kwa sauti nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji. Wenye koo kama langu huambiwa wasome polepole wapate nguvu. Mimi nilikuwa nasoma maneno ya Tata.

Kwa Guka si mbali na maporomoko. Watu wakinyamaza unasikia mto Chania ukianguka. Jumapili tuliyokutana hawakunyamaza. Kulikuwa na mukimo, kuku wawili, na Tata akigawa nyama kama mwenye nyumba. Alimwambia Guka kwamba mwaka ujao Ciru akae kwake Mugutha, "maana hapo kwao mafunzo ni kidogo."

Nikasimama. Mimi hata sala ya chakula sijawahi kuomba mbele ya watu.

"Nina kitu cha kusoma," nikasema.

"Haiya! Dizeli imewaka," binamu mmoja akasema, wakacheka. Sauti yangu ikiwa ndogo hivyo, ilibidi wanyamaze ndio wanisikie. Wakanyamaza.

Nikasoma. Jumapili, saa nane na nusu, sebuleni: hiyo ni ya wavulana. Jumapili, dakika mbili baadaye: basi kama si yeye, ni wewe. Ijumaa, darasani: mimi nakunywa maji kwa hiki kikombe.

"Ngai! Huyu mtoto alikuwa ananiandika?" Tata akamgeukia baba.

"Nilikatazwa kuongea, Tata. Sikukatazwa kuandika."

Nikasoma ile ya Jumamosi, ya jiko.

"Mimi nilikunywa vikombe viwili," Ciru akasema, na hakuna aliyecheka.

Nikafunga daftari. "Tata, unaniitanga nani?"

"Keti chini, acha kiburi."

"Unaniita nani?"

"Mami."

"Basi niambie. Mami alikufa na nini?"

"Tumbo."

"Tumbo gani?"

Hapo ndipo nikaisikia Chania. Mama alikuwa ameshika kijiko hewani. Macho yake yaliniomba niache, na sikuacha.

"Ulifua mashuka yake. Ukasikia vile walimsema. Halafu ukaenda Jumatano kanisani ukanisema mimi hivyohivyo. Hospitali kuna mtoto wa miaka minne ana ugonjwa kama wangu, anapumua kwa bomba. Yeye naye alikuwa na mvulana gani?"

Tata alifungua mdomo na hakuna kitu kilitoka. Niliangalia vizuri. Nilijua hasa vile anahisi, kutafuta sauti na kukosa, na nilifurahi.

Guka akaweka kikombe chini. "Ni mimi," akasema. "Daktari aliniambia mimi. Ilikuwa mlango wa kizazi. Mke wangu, ambaye hata sokoni sikuwahi kumwona akicheka na mwanaume, watu walikuwa wanamtafuna midomoni mwao. Nikawaambia hawa wasichana, semeni ni tumbo."

"Nilikuwa namlinda," Tata akasema, akaanza kulia. Alilia akijifuta kwa kitambaa cha meza. Nilingoja nimhurumie. Bado nangoja.

Baba alikuwa anaangalia mikono yake. "Na hiyo sindano, baba? Na jina langu?"

"Jina lako?" Guka akamtazama kama mtu mgeni. "Msichana akioza kama mama yako alivyooza, hilo jina utalipanda wapi? Kwa shamba?" Kisha akanionyesha mimi kwa kidole. "Na mke wangu ameshasema. Tangu lini mimi nikabishana na yeye nikashinda?"

Watu walicheka kidogo, kwa woga. Baba hakucheka. Alisema, "Mpeleke kesho, mami. Niandikie barua nitie sahihi." Halafu akageuka upande wa pili wa meza. "Mama Nyambura, nisaidie na chumvi."

Mama alipitisha chumvi.

Asubuhi iliyofuata, Jumatatu, saa mbili kasorobo, nilimshika Ciru mkono tukaenda zahanati ya karibu na nyumbani na barua ya baba. Muuguzi aliuliza nani amemleta mtoto.

"Mimi."

"Sikusikii."

"Mimi! Nyambura!"

Benchi zima liligeuka. Ciru alifumba macho, akauliza kama imeingia, na ilikuwa imeshatoka. Alibandikiwa pamba begani, akapewa kadi.

Kutoka zahanati, nyumbani ni kushoto, dakika tano. Nilimkunja Ciru mkono wa sweta juu kabisa, mpaka pamba ikaonekana, tukashika kulia.

Tata alikuwa kibandani akikata majani ya sukuma. "Tata, sasa?" Ciru akamsalimia, akamwonyesha bega. "Hata haiumi!" Tata aliangalia ile pamba, akaniangalia, akainamia kisu. Hakuniita mami. Sikumsalimia.

Tulienda mpaka kwa mashine ya kusaga unga, barabara inapoishia. Hatukuwa na haja ya kitu chochote huko. Nikamgeuza Ciru, nikamhamishia upande wa kibanda, nikamkunja sweta vizuri tena, tukapita mara ya pili.